Kusaka kazi bila kuishiwa moyo na jinsi ya kujinadi: mwongozo kamili kwa aliye mtaani sasa hivi

Naandika hii nikimuwaza mtu mmoja, yule aliyemaliza chuo mwaka jana au juzi, anakaa kwa dada au kwa shangazi hapa Dar, asubuhi wenye nyumba wanaondoka kazini na yeye anabaki na simu na funguo. Mimi nilikaa hivyo miezi 14 Mbagala kwa dada yangu, nimesoma uhasibu, nikatuma maombi mpaka nikaacha kuhesabu. Sa hizi nipo kwenye ofisi ndogo ya waagizaji wa spea Gerezani na tukihitaji mtu mimi ndo napewa lundo la CV nizipitie, kwa hiyo hili jambo nimeliona kutoka pande zote mbili. Na nilichokiona ni kwamba watu wengi wana uwezo kabisa ila hakuna anayejua hasa wanaweza kufanya nini. Ndugu wanajua, jirani anajua, mchungaji au imamu anajua kwamba "fulani anatafuta kazi". Kazi gani? Yoyote. Sasa mtu akikutana na mchongo anakukumbukaje wakati hajui akukumbuke kwa lipi?

Hatua ya kwanza: acha kusema kazi yoyote

Kaa chini na daftari, andika sentensi moja tu ya kujieleza ambayo hata mama yako anaweza kuirudia kwa mtu mwingine bila kukosea. Usiandike digrii yako, andika kazi unayoweza kuifanya Jumatatu asubuhi ukipewa meza. Mimi mwanzoni nilikuwa nasema nina digrii ya uhasibu natafuta nafasi, watu wananiitikia "sawa Mungu atasaidia" mazungumzo yanaishia hapo. Baadae nikabadilisha nikawa nasema: naweza kutunza vitabu vya duka au kampuni ndogo, kufunga hesabu za mwezi, na kuandaa ritani, yaani taarifa za kodi za TRA, kabla ya tarehe, ya PAYE (kodi ya mishahara) tarehe 7 na ya VAT tarehe 20. Ile sentensi ilifanya mtu aanze kufikiria, eti kuna mzee mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi kila tarehe 20 anahangaika na marisiti. Yaani uliyemwambia ndo anakutafutia, bila wewe kumuomba.

Kama umesoma ugavi sema unaweza kusimamia stoo na kufanya hesabu ya mali mwisho wa mwezi ikakubaliana na kitabu. Kama ni ualimu, sema somo na kidato. Kama ni fundi uliyetoka VETA, chuo cha ufundi stadi, sema unafunga nini na unatengeneza nini. Unaweza kuwa na sentensi mbili kama una fani mbili, ila sio tano. Najua unaogopa kwamba ukijibana kwenye kitu kimoja utapoteza nafasi nyingine, mimi pia niliogopa hivyo hivyo, ila ukipata nafasi ya kitu kingine hakuna anayekukataza kuichukua, sentensi ni ya kukufanya ukumbukwe tu.

Hatua ya pili: nyaraka ziwe tayari kabla tangazo halijatoka

Hapa watu wanapoteza nafasi kizembe na inaniuma. Tangazo linatoka, siku zinabaki tatu, ndo mtu anaanza kutafuta wakili wa kugonga muhuri. Tenga siku mbili umalize kabisa: cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha chuo pamoja na transkripti, kopi zote zimethibitishwa na wakili. Nenda steshenari uskani vizuri ziwe PDF zenye uzito mdogo, kila faili lipewe jina linaloeleweka, halafu zitume kwenye imeli yako mwenyewe, simu ikiibiwa daladalani usiibiwe na maisha.

Kwa kazi za serikali zinazopita Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira soma masharti ya chini ya tangazo mstari kwa mstari. Kila mara wanaandika kwamba result slip na statement of results hazikubaliki, wanataka vyeti vyenyewe, na bado watu wanapandisha slip. Barua ya maombi isainiwe, ndo uiskani. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake vinatakiwa vihakikiwe na mamlaka husika, TCU kwa vyuo vikuu, NACTVET kwa vyuo vya kati, NECTA kwa sekondari. Na kitu cha majina, jamani. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja na cha shule kinasema jingine, nenda kwa mwanasheria mapema ukapate ile hati ya majina wanayoiita deed poll, kwa sababu siku ya usaili utaulizwa na huwezi kuitafuta mlangoni.

Wadhamini watatu nao ni nyaraka. Wapigie kwanza, waambie unaomba kazi za namna gani na uwatumie CV yako waisome. Mimi nimewahi kumpigia mdhamini wa kijana mmoja akaniuliza "nani huyo?" na yule kijana alikuwa mzuri tu kwenye karatasi.

Hatua ya tatu: saa za kazi, hata kama huna kazi

Kusaka kazi ukikufanya kutwa nzima kunakumaliza, unajikuta saa sita usiku bado unazungusha simu kwenye magrupu ya ajira, unasoma tangazo lile lile mara nne, asubuhi unaamka umechoka na hujafanya lolote. Weka masaa. Mimi ilikuwa saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, Jumatatu mpaka Ijumaa, nimeoga, nimevaa nguo ya kutokea japo nimekaa sebuleni. Baada ya hapo simu inawekwa pembeni, nafanya kazi za nyumbani au natoka. Jumamosi nusu siku, Jumapili kanisani na kupumzika kabisa, kwako inaweza kuwa Ijumaa, cha muhimu iwepo siku ambayo huombi kazi kwa mtu yeyote.

Kwenye daftari chora safu: tarehe, kampuni, nafasi, nani niliongea nae, lini nifuatilie. Halafu hesabu vitu vilivyo mikononi mwako tu. Kuitwa kwenye intavyuu hakupo mikononi mwako. Maombi mangapi mazuri umetuma wiki hii, watu wangapi umeongea nao uso kwa uso, kitu gani umejifunza, hivyo ndo vyako. Mimi nilijiwekea maombi matano, watu watatu, na kitu kimoja cha kujifunza kwa wiki, nikivitimiza Ijumaa nilikuwa nalala vizuri hata kama hakuna aliyejibu. Hii ndo iliniokoa kuliko maneno yote ya kutia moyo niliyokuwa nasoma.

Hela pia iwe na mpango. Tenga kabisa ya bando, ya steshenari na ya nauli kwa wiki, hata kama ni elfu kumi umepewa na shemeji. Ukishaijua bajeti unaacha kukimbilia kila tangazo, unachagua. Na ongea na mwenye nyumba wako wazi. Mimi nilimwambia: "Dada, kila asubuhi mpaka saa sita natafuta kazi, kuanzia mchana watoto na maji ni vya kwangu." Mvutano mwingi wa nyumbani unatokana na kwamba wanaokulisha wanakuona na simu tu, hawajui kama unaandika barua au unaangalia video.

Hatua ya nne: CV ya kurasa mbili

Nikipewa CV 80 siwezi kuzisoma zote neno kwa neno, naangalia nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza. Nikikuta pale kuna "kijana mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi chini ya presha" nahamia inayofuata, sio kwa ubaya, ila zote 80 zimeandika hivyo hivyo. Weka ile sentensi yako pale juu. Chini yake weka ulichofanya, kwa namba.

Hukuajiriwa bado, sawa, lakini fildi ulifanya. Usiandike "nilifanya mafunzo kwa vitendo idara ya fedha". Andika kwamba kwa wiki nane uliingiza hati za malipo kwenye mfumo, ukalinganisha kitabu cha benki na taarifa ya benki kila mwisho wa wiki, ukakuta tofauti ya aina gani na ikarekebishwa vipi. Uliuza duka la mama miaka miwili? Weka, ulikuwa unashika hela na stoo. Kama programu unaijua, QuickBooks au Tally au Excel, sema unaifanyia nini, maana "najua kompyuta" ni maneno matupu. Kabila, dini, urefu na hali ya ndoa ondoa, labda tangazo liwe limeuliza. Namba ya simu iwe inapatikana, na imeli iwe ya jina lako, ile ya majina ya utani ya sekondari iache ipumzike.

Halafu tafadhali badilisha barua kwa kila kazi. Nimepokea barua zilizoandikwa jina la kampuni nyingine kabisa. Aya tatu zinatosha: naomba nafasi gani na nimeiona wapi, kitu gani nimefanya kinachofanana na mnachotaka, lini naweza kuja.

Hatua ya tano: wapi pa kutafuta

Za serikali ni Ajira Portal na usilipe mtu akuombee, kuomba ni bure na maswali ni mepesi ukitulia. TaESA, ile huduma ya ajira ya serikali, jisajili pia, wana nafasi za mafunzo kazini kwa wahitimu na watu wengi hawajui. Za mashirika yasiyo ya kiserikali zipo nyingi kwenye tovuti ya ReliefWeb na kwenye kurasa za mashirika yenyewe. LinkedIn fungua hata kama unaona ni ya watu wakubwa, HR wengi wa Dar wapo mule.

Lakini hapa nataka nikae kidogo. Ofisi kama yetu yenye watu tisa haitangazi popote. Tunauliza, "kuna mtu unamjua?" Kwa hiyo kazi nyingi za ofisi ndogo, maduka ya jumla Kariakoo, mawakala wa forodha karibu na bandari, viwanda vya Chang'ombe na barabara ya Nyerere, haziko kwenye simu yako kabisa. Siku moja kwa wiki toka. Chagua mtaa mmoja, ofisi sita au saba, nenda asubuhi kabla jua halijakuchosha, usiende Jumatatu wala mwisho wa mwezi watu wana presha. Getini mlinzi ndo bosi wako wa kwanza, msalimie vizuri, shikamoo kama ni mtu mzima, mweleze ukweli umeleta barua na unaomba jina la anayehusika. Ukishapata jina umeshavuka hatua kubwa, maana kesho yake unaandika kwa jina sio kwa "yeyote anayehusika".

Ukimuandikia mtu usiyemjua usimuombe kazi kwenye meseji ya kwanza. Mimi niliandika hivi na wengi walijibu: "Habari za asubuhi Bi. Fulani. Naitwa fulani, nimemaliza uhasibu na najifunza kazi ya ritani kwa kampuni ndogo. Nimeona umefanya kazi hiyo muda mrefu. Naomba dakika kumi na tano za ushauri wako, kwa simu au nije ofisini, siku utakayoona inakufaa. Asante sana." Mtu akikupa ushauri ameshakufahamu, na mwisho wa mazungumzo uliza, je kuna mtu mwingine unanishauri niongee nae? Hilo swali moja lilinipa nusu ya watu wangu wote.

Hatua ya sita: onesha kazi, usiishie kuisema

Hapa ndo nilipotokea mimi kwa hiyo nieleze vizuri. Binamu yangu alikuwa anaoa, kamati ikaundwa kama kawaida yetu, ikakosa mweka hazina maana kila mtu anaogopa hela za watu. Nikajitolea. Nikatengeneza jedwali la ahadi, zilizolipwa, zilizobaki, matumizi na risiti yake, kila Jumapili saa mbili usiku naituma kwenye grupu la WhatsApp ukurasa mmoja safi. Sikusema popote kwamba natafuta kazi. Wiki ya nne mzee mmoja kwenye kamati, ana duka la hadwea Tandika, akanipigia binafsi: kijana, hii ripoti umeifanya wewe? Akaniita nimpangie vitabu vyake vya mwaka mzima, malipo kidogo, ila yeye ndo aliniunganisha na ofisi niliyopo leo.

Michango ya harusi, kikoba cha akina mama, kwaya, madrasa, timu ya mpira ya mtaa, kote kuna kazi inayofanana na fani yako na kuna watu wenye biashara wamekaa pale. Wewe wa IT, tengenezea kikoba mfumo mdogo wa kumbukumbu. Wewe wa masoko, shika tangazo la mauzo ya kanisa. Fanya kwa usafi na kwa wakati, na utunze nakala, ukiwa umefuta majina na namba za watu, hizo ndo sampuli zako za kuonesha kwenye intavyuu.

Stetasi ya WhatsApp nayo itumie. Mara mbili kwa wiki weka kitu kidogo cha fani yako kwa Kiswahili cha kawaida, mfano "wenye biashara, VAT mwisho tarehe 20, kagua risiti zako za mashine ya EFD leo". Usiweke huzuni yako pale, sio kwamba huzuni ni aibu, ila waliosevu namba yako ni pamoja na huyo atakayekuita kesho. Huzuni mpigie mtu.

Hatua ya saba: kujitolea, lakini kwa makubaliano

Kujitolea kunafungua milango na pia kunanyonya watu, nimeona vyote. Kabla hujaanza kubalianeni vitu vinne na viandikwe hata kwa imeli: muda, miezi mitatu inatosha kabisa, nauli na chakula, kazi utakazofundishwa, na barua ya utambulisho mwishoni. Ofisi moja niliyojitolea ilikuwa inanisogezea tu, mwezi ujao, mwezi ujao, nikakaa miezi mitano nachapa na kubeba faili na nauli natoa mfukoni kwa dada. Ukiona hujifunzi tena, aga kwa heshima uondoke.

Matapeli, kwa kifupi

Anayekuomba hela ya fomu, ya vipimo vya afya, ya sare au "ya bosi" kabla hujasaini mkataba ni tapeli. Anayekuita intavyuu gesti au nyumba ya mtu, usiende. Kazi za Uarabuni zinazokuja kwa meseji, pitia kwa wakala aliyesajiliwa na serikali na uulize TaESA kwanza, pasi yako usimwachie mtu.

Siku ile mbaya

Itakuja. Kwangu ilikuwa siku rafiki yangu tuliyekaa nae dawati moja alipoweka picha ya ofisi yake mpya na mama akanipigia jioni ile ile kuniuliza, "mwenzio kashapata, wewe vipi baba?" Sikuweza kutuma ombi hata moja wiki nzima. Nilichojifunza ni kwamba siku kama hiyo hupigani nayo. Mpongeze rafiki yako kwa dhati, kwa sababu sasa una mtu ndani. Mwambie mama ukweli wa unachofanya kila wiki, kwa namba za daftari lako, wazazi wanauliza hivyo kwa sababu hawaoni. Tembea, fua, cheza na watoto, lala mapema. Kuwa na mwenzako mmoja anayesaka kazi, mpigiane kila Jumatano mkasomeana daftari. Na kama wiki zinapita huli, hulali, unaona bora usiwepo, hiyo sio uvivu wala udhaifu wa imani, mwambie mtu wa karibu leo hii na uende hospitali ya karibu, huduma ya afya ya akili ipo.

Hatua ya nane: umeitwa

Usaili wa serikali una mchujo wa kuandika halafu mahojiano. Ingia kwenye akaunti yako ya portal unakili namba ya mtihani kabla, beba vyeti halisi na kitambulisho, na ujue nauli, chakula na malazi ni juu yako kwa hiyo anza kuweka akiba siku unayotuma ombi. Waliofaulu wakakosa nafasi wanabaki kwenye kanzidata na wanaweza kuitwa baadae, usibadilishe namba ya simu.

Kwa kampuni binafsi fanya mazoezi kwa sauti, sio kichwani. "Tueleze kuhusu wewe" ijibiwe kwa dakika mbili: nafanya nini, nimefanya wapi mfano mmoja wenye namba, kwa nini hapa. Njia ijaribu siku moja kabla, ujue panafikika kwa muda gani asubuhi ya foleni. Wakiuliza mshahara usijibu "wowote", ni ile kazi yoyote imerudi kwa mlango wa nyuma, uliza watu watatu wa fani hiyo wanalipwaje na useme kiwango kutoka hapa mpaka hapa. Jioni tuma meseji fupi ya shukrani. Baada ya wiki moja uliza mara moja kwa upole, halafu endelea na daftari, usikae unasubiri simu hiyo moja.

Wakikupa, soma mkataba kabla ya furaha haijakuziba macho: cheo, mshahara kabla na baada ya makato, muda wa majaribio, likizo, michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii). Ukiwa na mkopo wa chuo wa HESLB, bodi ya mikopo, kumbuka asilimia 15 ya mshahara wa msingi itakatwa, iweke kwenye hesabu zako mapema kabla hujaahidi mtu kodi ya nyumba. Kisha fungua lile daftari, kila aliyekupa dakika 15 zake mpigie umwambie umepata.